Nakariri kila kitu, mbona Historia ya madarasa ya juu inanishinda?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 17, niko katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Madarasa ya chini Historia ndiyo ilikuwa somo langu la kujidai. Nilijua nani alipigana na nani, mwaka gani, na mkataba ulitiwa saini wapi. Wenzangu wakanipa jina la Kalenda. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo, mimi nilikuwa nimeshaichagua Historia kabla hata fomu hazijagawiwa.

Sasa najuta. Muhula huu tulipewa insha hii: "Kwa kiasi gani miungano ya kijeshi ndiyo iliyosababisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia?" Nilikesha siku tatu nikikremu. Nikaandika kurasa sita na pointi saba, kila pointi na maelezo yake: miungano, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa, migogoro ya Moroko ya 1905 na 1911, vita vya Balkani, na mauaji ya Sarajevo. Sikukosea mwaka hata mmoja. Nimepata 9 kati ya 25. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Unasimulia. Jibu swali." Basi, hakuna zaidi ya hapo. Ninayekaa naye dawati moja kaandika kurasa tatu, tena kuna mwaka kaukosea, na amepata 18.

Swali la pili lilikuwa la chanzo. Tulipewa kipande cha maelezo ya msafiri Ibn Battuta kuhusu mji wa Kilwa, tueleze kina thamani gani kwa mwanahistoria. Nikaandika kwamba alikuwa mgeni, tena ana upendeleo, kwa hiyo haaminiki. Hapo nikaambulia 2 kati ya 10.

Nyumbani nako hakukaliki. Tangu mwanzo baba hakutaka nisome Historia. Anasema ni habari za waliokufa, na waliokufa hawaajiri mtu. Kaka yangu yuko upande wa sayansi, na kila matokeo yakitoka tunapimwa kwenye mzani mmoja. Baba alipoiona ile 9 hakusema neno. Aliirudisha karatasi mezani akaendelea na shughuli zake. Heri angefoka.

Nimebakiwa na wiki mbili za kubadili somo. Nataka kujua: je, kuna watu ambao akili yao haikuumbiwa Historia ya huku juu? Nikibaki nisome vipi, maana kukremu ndiyo njia pekee ninayoijua? Na baba nimwambie nini?

Wako,
Kalenda


Marahaba, Kalenda.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nina kalamu mkononi, ugonjwa wa mtu aliyesahihisha karatasi maisha yake yote. Nikuambie nilichokiona. Habari ya baba yako umenieleza kwa kitu kimoja tu, karatasi iliyorudishwa mezani. Hukunihesabia sababu saba za huzuni yako. Ulichagua kile kimoja kinachobeba vingine vyote, ukaniachia nikione. Mwenye uwezo huo hajaumbwa vibaya kwa Historia. Shida yako ni kwamba ukiingia kwenye insha unaacha kuchagua, unamwaga gunia zima mlangoni, kisha unamwachia msahihishaji kazi ya kupepeta.

Lawama si yako peke yako. Hukuzaliwa na pointi saba, tumekupa sisi. Katika madarasa ya chini mtihani unasema "taja", mtoto anataja, anapata tiki kwa kila alichokitaja. Mimi mwenyewe nimeandika ubaoni "Sababu za..." na kuzipa namba, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa karatasi za namna hiyo unaweza kusahihisha mia moja usiku mmoja hata ukiwa unasinzia. Halafu mtoto anapanda madarasa, swali linageuka, na hakuna anayemshtua kwamba limegeuka. Anaendelea kutaja. Maneno "Unasimulia. Jibu swali" ni ya kweli, lakini ni sawa na kumwambia mtu aliyepotea njia, "Umepotea."

Basi tulitazame swali lenyewe. "Kwa kiasi gani" ni maneno ya kupima. Ukuta umeanguka, mtu anakuuliza mvua imechangia kiasi gani. Hutamtajia kila kitu kinachoweza kuangusha ukuta duniani. Utamwambia: mvua iliulegeza, lakini kilichouangusha ni msingi mfupi, kwani kuta za jirani zilinyeshewa mvua ile ile na mpaka leo zimesimama. Hapo umefanya mambo mawili. Umetoa uamuzi, kisha umeleta kuta za jirani zikutolee ushahidi. Insha ya Historia ni hiyo hiyo, imerefushwa tu.

Sasa miungano. Uliandika, na ni kweli, kwamba Ulaya ya 1914 ilikuwa na kambi mbili. Huku Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia, waliofungana tangu 1882. Kule Ufaransa na Urusi, waliofungana mwaka 1894, na Uingereza iliyoelewana na Ufaransa mwaka 1904, kisha na Urusi mwaka 1907. Ukaishia hapo, ukarukia pointi ya pili. Lakini utamu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza!

Kama mikataba ndiyo iliyowaburuta watu vitani, basi Italia ilipaswa kupigana upande wa Ujerumani. Haikupigana. Agosti 1914 ilitangaza kwamba haiegemei upande wowote, ikadai mkataba wake ulikuwa wa kujihami na kwamba Austria-Hungaria ndiyo iliyochokoza. Mei 1915 ikaingia vitani, tena upande wa pili, kumpiga aliyekuwa mshirika wake. Romania nayo ilikuwa na mkataba wa siri na kambi hiyo hiyo tangu 1883. Ilikaa pembeni miaka miwili, na mwaka 1916 ikafanya kama Italia. Na Uingereza je? Haikuwa na mkataba wowote wa kuilazimisha kuipigania Ufaransa. Maelewano yao ya 1904 yalihusu zaidi makoloni, hasa nani aachiwe Misri na nani Moroko. Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti, baada ya majeshi ya Ujerumani kuingia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa, Uingereza ikiwemo, yaliahidi kwa mkataba wa 1839 kuheshimu msimamo wake wa kutoegemea upande.

Hizo ndizo kuta za jirani. Wengine walitia saini wasipigane, mwingine hakutia saini ya kupigana na akapigana. Kumbe saini peke yake haitoshi kueleza.

Ila usitoke mbio kwenda kuandika kwamba miungano haikuwa na uzito. Hapo ndipo wengi wanapotumbukia, wanadhani kupinga ndiyo akili. Tazama ule mkataba wa Ufaransa na Urusi wa 1894. Majenerali wa Ujerumani walijua kwamba ugomvi na mmoja wao ni ugomvi na wote wawili, mmoja magharibi na mwingine mashariki. Kwa hiyo mpango wao ulikuwa kuipiga Ufaransa kwanza, haraka, kwa kupitia Ubelgiji, kabla Urusi na ukubwa wake haijamaliza kukusanya jeshi. Urusi ilipoamuru jeshi lake lote liitwe tarehe 30 Julai, kwa wakubwa wa Berlin saa ilikuwa imeanza kuhesabu. Tarehe 1 Agosti wakatangaza vita na Urusi, tarehe 3 na Ufaransa. Ubelgiji haikumchokoza mtu, ila ilikuwa njiani.

Ukishaona hayo, jibu linaanza kujiandika: Miungano haikuilazimisha nchi yoyote kupigana mwaka 1914, na Italia na Romania ni mashahidi, lakini iliwafanya majenerali wapange vita kwa namna ambayo ugomvi wa Austria-Hungaria na Serbia usingeweza kubaki wa hao wawili. Sentensi moja, na inakaa juu kabisa ya karatasi, kabla hujaeleza lolote. Mtu mwingine anaweza kuipinga, na hiyo ndiyo dalili kwamba umesema kitu. Ukiandika "Vita hivi vilikuwa na sababu nyingi," nani atabisha? Hakuna, na ndiyo maana hakuna wa kukupa alama.

Najua unachouliza sasa: zile pointi sita nyingine nizitupe? Hapana, ila hazipangi tena foleni moja moja. Zinaitwa pale zinapohitajika, kama mashahidi. Chukua migogoro ya Moroko uliyoitaja, pale Ujerumani na Ufaransa zilipovutana juu ya nchi hiyo. Mwaka 1905 na 1911 makambi yalishaanza kujipanga, silaha zilikuwa zinashindanishwa, chuki ilikuwepo, na bado vita havikutokea. Wewe uliiandika migogoro hiyo kama sababu ya vita. Nami nakuuliza: mbona inaweza kusomwa kinyume, kama ushahidi kwamba viongozi waliweza kujizuia wakitaka? Ukijiuliza hivyo, macho yako yanahama kutoka miaka thelathini ya nyuma yanakwenda kwenye wiki chache za 1914. Unaanza kutaka kujua nani aliamua nini, siku gani.

Na hapa, Kalenda, jina lako lina kazi. Watu watakuambia tarehe si kitu, Historia ni kuelewa. Maneno matamu, nusu yake si kweli. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni. Tarehe 5 na 6 Julai Ujerumani iliihakikishia Austria-Hungaria kwamba itaiunga mkono kwa lolote itakaloamua. Tarehe 23 Julai Austria-Hungaria, ikiilaumu Serbia kwa mauaji hayo, ikaipelekea masharti na kuipa saa 48 za kujibu. Tarehe 28 Julai vita vikatangazwa dhidi yake. Tangu risasi ya Sarajevo mpaka Uingereza kuingia ni siku 37. Asiyezijua tarehe hizi hawezi kuona kwamba kati ya mauaji na masharti zilipita zaidi ya wiki tatu, muda ambao watu walikaa vikao na kuandikiana barua. Mauaji hayakuwasha moto papo hapo, kuna waliokaa wakaamua kuuwasha. Hoja hiyo inatoka kwenye tarehe tupu, ukizipanga na kutazama mapengo yaliyo kati yake. Wewe tarehe unazo tayari. Mwenzako wa dawati itambidi azitafute.

Wanahistoria wenyewe hawajakubaliana juu ya wiki hizo, nawe usijifanye wamekubaliana. Mwaka 1961 Fritz Fischer, Mjerumani, aliwatia kiwewe wananchi wenzake alipodai kwamba watawala wa Ujerumani ndio wenye lawama kubwa, kwa tamaa yao ya kuwa dola la dunia. Miaka hamsini na moja baadaye Christopher Clark, Mwaustralia, aliigawa lawama kwa miji mikuu mingi zaidi, Belgrade ya Serbia na St. Petersburg ya Urusi zikiwemo. Wanafunzi wengi huwataja watu kama hawa mwishoni mwa aya, kama mtu anayevaa tai juu ya fulana. Mtaje Fischer pale tu unapotaka kubishana naye au unapohitaji akusaidie kubishana na mwingine. Vinginevyo mwache apumzike.

Tuje kwenye lile swali la chanzo, ambalo nakiri limeniumiza zaidi kuliko insha. "Ana upendeleo, kwa hiyo haaminiki." Sentensi hiyo nimekutana nayo mara nyingi mno. Mwanangu, ukimfukuza kila shahidi mwenye upendeleo utabaki na ukumbi mtupu. Hata mimi ninayekuandikia nina upendeleo, naipenda Historia na nataka ubaki.

Kinachoulizwa ni hiki: huyu anaweza kunisaidia kujua nini, na nini hawezi? Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kitabu cha safari zake hakukiandika kule. Alisimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, huko Moroko, na msomi aitwaye Ibn Juzayy ndiye aliyeshika kalamu, kazi ikamalizika mwaka 1355. Hilo tu lilikuwa na alama zake: ni shahidi aliyeona kwa macho, lakini kumbukumbu ni ya miongo miwili na imepitia mkono wa mtu mwingine. Tena alikuwa mtu wa sheria ya dini, msomi aliyetembea dunia akipokewa na watawala na kuishi kwa ukarimu wao. Ndiyo maana anamsifu sana sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ucha Mungu wake na kwa mkono wake wa kutoa. Huo ndio upendeleo uliouona. Lakini ugeuze: kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye dini na ukarimu, ni shahidi mzuri wa namna sultani wa Kilwa alivyojionyesha mbele ya mgeni Mwislamu aliyetoka mbali, na wa mji uliokuwa sehemu ya ulimwengu mpana wa Kiislamu. Ukimuuliza habari za mvuvi au za mwanamke aliyetwanga nafaka, hana la kukuambia.

Halafu kuna jambo moja ambalo lingekupa alama za juu kabisa. Maelezo yake yanasomwa kuwa majengo ya Kilwa yalikuwa ya mbao. Lakini waliochimba magofu ya kule wamekuta msikiti mkuu wa mawe ambao sehemu yake ya zamani ilijengwa kabla hajafika, na jumba kubwa la mawe, Husuni Kubwa, linalohusishwa na sultani yule yule aliyempokea. Vipi tena? Pengine nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, na hizo ndizo zilizomjaa machoni. Pengine kumbukumbu ilimchezea. Pengine walionakili kitabu waliteleza. Huna haja ya kutegua kitendawili chote katika dakika kumi na tano za mtihani. Kukionyesha tu kwamba kipo, na kusema kwamba hapo mawe yanamsahihisha mwandishi, ni kazi ya mwanahistoria.

Hata hati ya uongo mtupu ina kazi. Kwa karne nyingi ilikuwepo hati iliyodai kwamba mfalme Konstantino wa Roma, wa karne ya 4, alimkabidhi papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla alionyesha kwamba ni ya kughushi, na silaha yake kubwa ilikuwa lugha: Kilatini kilichomo hakikuwa cha zama za Konstantino. Basi haituambii chochote juu ya Konstantino. Inatuambia mengi juu ya wale walioighushi, na juu ya kile walichotamani watu waamini. Hebu fikiria, uongo uliogeuka kuwa chanzo kizuri, mradi uuulize kuhusu mwongo wake.

Umeuliza usome vipi. Daftari lako nalijua bila kuliona: vichwa vya habari vimepigiwa mstari, chini yake namba moja hadi saba. Usilichome. Chukua kila kichwa cha habari ukigeuze kiwe swali ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulijibu tofauti. "Sababu za mapinduzi ya Ufaransa" haina mgogoro ndani yake. "Je, mapinduzi ya 1789 yangetokea kama hazina ya mfalme isingefilisika?" unao. Kisha weka saa, dakika kumi, uandike aya ya kwanza peke yake, ile yenye uamuzi. Usiandike insha nzima. Kesho yake andika nyingine inayopinga ile ya jana kwa swali hilo hilo, na uone ipi inakupa taabu zaidi kuitetea. Wiki mbili za zoezi hili zitakufaa kuliko mikesha yako mitatu, tena utalala. Ukifika kwenye insha kamili, kila unapomaliza aya jiulize "kwa hiyo?" na uandike jibu lake kwa kurejea maneno ya swali. Aya isiyo na "kwa hiyo" ndiyo aliyoiita mwalimu wako simulizi.

Na yule wa dawati lako muombe karatasi yake uisome. Najua kiburi cha aliyezoea kuongoza, nami nilikuwa nacho. Muombe hivyo hivyo. Tafuta sentensi yake ya uamuzi iko wapi na mara ngapi amelirudia swali. Yule mwaka aliokosea haukumgharimu sana, kwa kuwa hoja yake haikuegemea hapo.

Kubadili somo je? Kipimo changu ni kimoja. Uliposoma habari za Italia hapo juu, kuna kitu kilikuwasha ukataka kujua ilikuwaje ikageuka, nani aliiahidi nini? Kama ndiyo, baki. Kama uliona ni kitu kingine cha kukremu, ondoka salama, na wala hutakuwa umeshindwa. Historia ya huku juu ni kusoma sana, na asiyependa kusoma itamtesa miaka miwili bure.

Kuhusu baba yako, sitakudanganya kwamba amekosea moja kwa moja. Hakuna tangazo la kazi linalotafuta mjuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanaotoka na Historia huenda kwenye sheria, uandishi wa habari, ualimu, diplomasia, utawala, makumbusho na nyaraka, na kinachowapeleka huko ni ule uzoefu wa kupewa rundo la karatasi zinazopingana na kutoka na kurasa mbili zinazosema nini kimetokea na kwa nini. Lakini kama moyo wako uko kwenye udaktari au uhandisi, Historia haitakufungulia mlango huo, na afadhali ulijue sasa. Kabla wiki mbili hazijaisha, tafuta masharti ya kujiunga na kozi mbili tatu unazozitamani, uone zinadai masomo gani. Mpelekee baba karatasi hiyo. Ukimwendea na "naipenda Historia" mtazunguka pale pale.

Tena kuna jambo jingine la kufanya, na usimwambie kwamba ni Historia. Muulize alifikaje kwenye kazi anayoifanya. Nani alimshauri, nini kilimzuia, alitaka kuwa nani kabla ya hapo. Siku nyingine muulize mama kisa hicho hicho, baba akiwa hayupo. Andika vyote viwili, halafu utazame wanapopishana. Mwaka 1961, ule ule wa Fischer, Mbelgiji aitwaye Jan Vansina aliandika jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa na kutumiwa kama chanzo, wakati ambapo wasomi wengi walidhani pasipo na maandishi hakuna Historia. Utakuwa unafanya kazi yake sebuleni. Na huenda ukajua kwa nini baba anawaogopa waliokufa kiasi hicho. Ile karatasi aliyoirudisha mezani bila neno umeisoma kama dharau. Inaweza kuwa dharau. Inaweza pia kuwa mtu asiyejua aseme nini kwa binti yake aliyeumia. Chanzo kimoja, Kalenda, tena hakijahojiwa.

Ile insha iandike upya, kurasa tatu tu, na uipeleke kwa mwalimu wako. Ni yeye atakayekusahihisha mwakani, si mimi. Mwambie akuwekee alama pembeni ya kila aya anayoona umerudi kwenye kusimulia. Aya ya kwanza nitumie na mimi niione. Lakini usininakilie ile sentensi yangu ya Italia na Romania, nitaitambua, nami naona inaweza kupingwa. Nipinge.